Mpokea Pole

Mkuu wa idara aliponiaga aliniomba niwaandikie wahadhiri vijana kurasa chache za mambo niliyojifunza kazini. Nadhani alitarajia habari za sampuli, na namna ya kuwabana wanafunzi wanaochelewesha sura ya pili. Hayo yamo vitabuni, na ugonjwa wa kuchelewesha sura ya pili haujapata dawa. Mimi nitaandika juu ya kuingia katika nyumba za watu, maana ndiyo kazi niliyoifanya miaka yote hiyo, na juu ya kutoka humo, jambo ambalo nililijua zaidi ya ilivyonifaa. Mnivumilie. Mstaafu akipata kalamu ni kama mlevi aliyepata msikilizaji.

Kampasi yetu ilipoanza haikuwa na sura ya chuo. Tulipewa majengo ya zamani juu ya kilima, mwendo mfupi wa bodaboda kutoka mji wa Kayanga, wilayani Karagwe, na ofisi yangu ya kwanza ilikuwa ghala la kahawa. Walipaka chokaa mara mbili, lakini mvua ikinyesha kuta zilirudisha harufu ya maganda, na wanafunzi wa kwanza niliowasimamia walitoka mle wakinuka kama magunia. Nilikuwa nimetoka kwetu Iramba, nchi ya mtama na uwele, ambako mtu unamwona akija tangu yuko mbali. Huku niliona kijani kitupu. Siku niliyofika nilimuuliza dereva wa chuo msitu ule una wanyama gani. Akanitazama kwa huruma.

"Hiyo ni migomba, mwalimu. Humo wanaishi watu."

Aliyenifundisha kazi ni Dokta Filemoni, mzee mwembamba aliyekuwa amebakiza miaka michache astaafu, na ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Alinikabidhi mabuti ya mvua, ubao wa kuandikia wenye kibanio, na penseli. Nilipouliza kwa nini penseli na kalamu zipo, akasema nitajua masika. Nilijua masika. Kalamu haiandiki juu ya karatasi iliyonyeshewa, penseli inaandika, na huku kuna miezi ambayo karatasi kavu ni hadithi. Siku hizi mna vishikwambi. Bado nawashauri mbebe penseli.

Utafiti wangu wa kwanza ulihusu chakula cha kaya. Niliingia nyumba baada ya nyumba katika vijiji vya nyuma ya Nyakahanga nikiuliza, "Jana usiku mlikula nini?" na nyumba nyingi zikanijibu, "Jana hatukula." Nilirudi kampasi moyo umenidondoka. Nilikuwa tayari kuandika kwamba wilaya ina njaa. Dokta Filemoni alipitia madodoso yangu, akacheka hadi akavua miwani, kisha akanirudisha kwenye nyumba zilezile nikaulize nini kilikuwa jikoni. Kulikuwa na viazi vitamu, maharage, ugali wa muhogo. Lakini kwa mtu wa huku, kama hakumenya ndizi, hajala, amejishikiza tu. Tangu hapo sikumwuliza mtu swali kabla sijatupa jicho mekoni kwake.

Kanuni yake kubwa ilikuwa ya maneno manne: ingia, uliza, shukuru, toka. Kahawa ya kutafuna ukipewa mlangoni, pokea, maana kuikataa ni tusi. Chakula usile. Harusi usiende. Mtoto usikubali kumsimamia ubatizo. Nilipomuuliza ubaya uko wapi, alisema, "Ukiwa ndugu yao watakupa majibu ya ndugu. Na yale wanayowaficha ndugu zao watakuficha na wewe."

Alisema kweli, na mpaka leo sijaipinga kanuni hiyo. Watu wa Karagwe na Kyerwa waliniambia mambo ambayo wake hawakuwaambia waume, kwa sababu walijua nitaondoka nayo. Nilijua nani ameuza shamba bila kuwaambia kaka zake. Nilijua nani anatumia dawa za uzazi kwa siri. Nilikutana nao gulioni Kayanga wakipanga bei ya maparachichi, tukasalimiana shikamoo na marahaba kama watu wasiojuana, nami nikapita na kikapu changu. Hivyo ndivyo kazi inavyotakiwa kufanywa. Ila hakuna aliyeniambia kwamba baada ya kazi kuna jioni, na jioni nazo zinataka mtu.

Nyumba za watumishi zilikuwa nyuma ya maktaba. Wenzangu wengi walikuwa na familia Bukoba au Mwanza, wakiondoka Ijumaa na kurudi Jumatatu na samaki. Mimi sikuolewa, na sitaeleza sababu maana mkuu wa idara hakuiomba. Jumamosi nilisahihisha kazi, Jumapili nilikwenda kanisani nikakaa benchi la nyuma, nikarudi nikasahihisha tena. Nilikuwa mpweke. Naliandika neno hilo waziwazi kwa sababu kazini sikuwahi kulitamka, na wengine kati yenu nawaona mkikaa ofisini mpaka taa za barabarani zinawaka, mkisema mna kazi nyingi.

Wakati mmoja nililazwa hospitali ya Nyakahanga kwa malaria kali. Nesi, binti mchangamfu, aliniuliza nani ataniletea chakula, maana wagonjwa wa huku huletewa na ndugu. Nikamtaja dereva wa chuo. Akauliza, "Huyo ni nani yako?" Nikasema ni dereva. Hakuuliza tena, lakini mchana huo mama wa kitanda cha pili alinimegea ndizi zake bila kunisemesha, nikazila nikiwa nimegeukia ukutani.

Mama yangu alipofariki nilipanda basi kwenda Iramba, nikazika, nikarudi. Jumatatu nilikuwa darasani nikifundisha uchaguzi wa wahojiwa. Wenzangu walinipa kadi yenye sahihi zao, nzuri tu. Wale watu wa vijijini, ambao nilijua mpaka idadi ya kuku wao, hawakuniambia pole hata mmoja, na hawakuwa na kosa, kwa sababu sikuwa nimemwambia mtu yeyote kwamba nina mama.

Sasa nije kwa Adventina, mwanafunzi aliyenisumbua kuliko wote na niliyempenda kuliko wote. Alitoka upande wa Rubwera, binti wa wakulima wa kahawa, mwenye sauti kubwa na mwandiko mbaya. Mwaka wake wa mwisho alitaka kutafiti vikundi vya kuzikana. Kila kitongoji huku kina kikundi kama hicho: mtu akifa, wanachama wanachimba kaburi, wanaleta kuni, maji na mikungu, na wanakaa na wafiwa mpaka msiba uanuliwe. Nikamwona ana mada nzuri. Nikampa dodoso safi, na kanuni ya maneno manne.

Baada ya wiki kadhaa alirudi mikono mitupu. Mwenyekiti wa kikundi alikuwa amemwambia mambo ya msiba hayaulizwi na mtu asiyebeba kuni.

"Kwa hiyo?" nikamuuliza.

"Kwa hiyo nikabeba, mwalimu."

Alikuwa amebeba kuni, amemenya ndizi, amelala chini na wafiwa wa watu asiowajua, na kwa mdomo wake mwenyewe alikiri amelia. Nilimkaripia. Nilimwambia alichokusanya si data, ni msiba. Akanijibu, "Mwalimu, hivi vitu viwili huku huwezi kuvitenganisha," kisha akaomba radhi kwa kunijibu.

Siku ya kutetea ripoti yake jopo lilimuuliza alichaguaje sampuli. Akasema, "Nilikwenda kila palipofiwa." Walicheka. Mtahini kutoka nje alisema kazi ile ni barua ya rambirambi yenye majedwali, na akataka afeli, na kufeli kulimaanisha kurudi Rubwera bila shahada, maana baba yake alikuwa amesema hatamsomesha mara ya pili. Niliomba dakika chache. Nikawaambia njia aliyotumia inajulikana katika taaluma yetu, kasoro ni kwamba katika sura ya tatu ameandika njia nyingine ili kunifurahisha mimi. Aiandike upya kama alivyofanya kweli. Wakakubali kwa shingo upande. Aliandika upya, akafaulu, na sasa ni afisa maendeleo ya jamii mkoa wa mbali. Hupiga simu sikukuu.

Katika ripoti hiyo kulikuwa na jambo ambalo sikulielewa. Aliandika kwamba kila anayejiunga na kikundi lazima ataje mpokea pole, yaani mtu atakayekaa kwenye jamvi na kupewa pole siku yake ikifika. Nilimuuliza mbona ni sharti, kama kaburi litachimbwa vyovyote. Akafikiri, akasema, "Watu wakifika msibani lazima wajue wageukie wapi." Nikampa alama nikaendelea na ripoti nyingine.

Nilistaafu. Iramba kaka yangu alikwisha kufa, shamba limegawanywa kwa watoto ambao wananijua kwa jina tu. Nilikuwa nimenunua kibanja kidogo chini ya kilima cha kampasi, migomba kiasi na mibuni mizee, nikajenga nyumba ya vyumba viwili. Majirani walinisalimu vizuri. Walikuwa na adabu ileile waliyoonyesha nilipokuja na ubao wangu: walisimama, walijibu, walingoja niondoke. Tatizo ni kwamba sasa sikuwa na pa kuondokea.

Masika ya kwanza nikiwa mstaafu niliteleza nikaanguka nyuma ya nyumba, mguu ukakataa. Nilikaa kwenye matope tangu asubuhi mpaka jua la mchana, nikisikia watu wakipita barabarani, na sikuita. Sikujua niite jina la nani. Mwishowe nilijikokota mpaka ndani, na baadaye mguu ulipona. Lakini nikiwa pale chini niliwaza kwamba hapa nikifa, nani atajua pa kuanzia? Huo ndio woga ulionipeleka kwa Mzee Gervazi, mwenyekiti wa kikundi cha kuzikana cha kitongoji chetu. Nilitaka kitu kimoja tu, kuzikwa na watu.

Walinisikiliza wakiwa barazani kwa chama cha msingi cha kahawa, wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine. Nilijieleza vizuri, nimezoea majopo. Mzee Gervazi alikohoa, akatanguliza neno la heshima la huku.

"Mwalimu, waitu, kuchimba tutachimba. Kuni zipo. Sasa tutampa nani pole?"

Nilifungua mdomo kumtaja Adventina. Nikaona jinsi atakavyopata taarifa kwa simu, aombe ruhusa kazini, asafiri, na wao wamekaa wanamngoja mtu wasiyemjua. Nikaliacha jina hilo. Wanafunzi wangu wamenishukuru katika ukurasa wa mbele wa ripoti zao, rafu nzima nyumbani kwangu, na sikuwa na mmoja wa kumtaja.

"Sina," nikasema. Ni jibu fupi kuliko yote niliyowahi kutoa mbele ya jopo.

Waliniambia nisubiri. Nilisubiri muda mrefu kiasi cha kuanza kuelewa wanafunzi wanavyojisikia. Kisha wakaniita, na jibu lao lilikuwa mtu. Alikuwa amesimama pembeni, kofia mkononi: Sebastiani, kibarua aliyekuwa akipogoa migomba ya watu wa kitongoji chote. Alivuka mto wa mpakani kutoka ng'ambo akiwa kijana, akafanya kazi kwenye vibanja vya wengine mpaka akazeeka, na hakuwahi kuwa na chake. Alikuwa amechimba makaburi mengi ya kikundi kuliko mwanachama yeyote. Lakini huku mtu huzikwa kwenye kibanja chake, na kwa Sebastiani swali lilikuwa wamlaze wapi.

"Huyu hana udongo," alisema Mzee Gervazi. "Wewe mwalimu huna wa kukulilia. Tumekaa tukaona mfaane. Akitangulia yeye, alale kwako, upewe pole wewe. Ukitangulia wewe, tutampa yeye."

Wanawake walicheka kidogo, si kwa ubaya. Mama Anagreti, jirani yangu wa upande wa chini, akasema kwa sauti, "Angalieni tu msifunge ndoa kabla ya matanga!" Sebastiani akatazama kofia yake. Tukakubali wote wawili, maana hakuna aliyekuwa na mwingine.

Jumapili iliyofuata alibisha hodi. Alikuwa amevaa shati safi. Nikampa kiti, nikampa chai, naye akasema, "Mwalimu, mimi siwezi kulilia mtu nisiyemjua. Nimekuja nikujue."

Akaanza kuniuliza. Mama yako aliitwa nani na alikuwa mkali? Kwenu mnakula nini na kwa nini uliondoka? Nani alikupiga ulipokuwa mdogo? Aliuliza vibaya sana. Aliunganisha maswali mawili katika moja, aliniwekea majibu mdomoni, hakuandika chochote. Angekuwa mwanafunzi wangu ningemrudisha aandike dodoso upya. Nikamjibu yote. Nilimweleza mama yangu alivyokuwa akitwanga uwele akiimba, na alivyonificha nyuma ya ghala siku baba alipokuwa na hasira. Chai ilipoa. Nilikuwa nimewauliza watu maelfu ya maswali, na hakuna aliyewahi kuniuliza jina la mama yangu mpaka siku hiyo.

Akawa anakuja kila baada ya ibada. Alisafisha migomba yangu, alikata majani makavu, akanionyesha namna ya kuvunja ua la mwisho la mkungu kwa kijiti chenye panda badala ya kisu, ili nisihamishe ugonjwa. Nami nilimuuliza habari zake bila penseli. Nyingine alinijibu, nyingine alisema, "Hiyo acha, mwalimu," nikaacha.

Kifua kilimsumbua tangu mvua zilipoanza. Nilimpeleka Nyakahanga kwa bodaboda, akiwa katikati yangu na dereva, mwepesi kama mtoto. Wodini nesi aliuliza nani atamletea chakula, nikasema mimi. Nilimenya ndizi vibaya, ganda likiondoka na nyama, na yeye alizitazama sahanini akatabasamu kwa taabu. Hakumaliza wiki.

Walimleta kwangu. Vijana walichimba nyuma ya migomba ile aliyokuwa ameisafisha mwenyewe, wanawake wakaweka mafiga uani, na Mama Anagreti akanishika bega akanikalisha chini kwenye jamvi, mahali pa mfiwa. Niliogopa. Niliwaza kwamba nitaigiza, na watu hawa wanaojua msiba kuliko mimi wataona. Kisha wakaanza kuingia mmoja mmoja, wakipiga magoti, wakinishika mikono miwili. "Pole, mwalimu." "Pole sana, mwalimu." Wengine niliwahi kuwahoji zamani, nilijua siri zao, nao hawakuwahi kujua hata moja yangu. Sikuigiza kitu. Nilimlilia Sebastiani, na katikati ya kumlilia nikajikuta namlilia mama yangu, ambaye pole zake zilikuwa zimechelewa miaka mingi njiani. Hakuna aliyeniuliza ninamlilia nani.

Msiba ulipoanuliwa watu walianza kukusanya vitu vyao. Mzee Gervazi alikuja kuniaga. Nilikuwa nimelifikiria jambo hilo jamvini, na mwalimu akiona kasoro hawezi kunyamaza.

"Mzee, sasa mpokea pole wangu ndiye huyu tuliyemzika. Nimerudi palepale. Siku yangu mtampa nani pole?"

Mzee aliwageukia wenzake. Naamini hawakuwa wamelifikiria. Mama Anagreti alikuwa ameinama akisugua masizi kwenye sufuria kubwa ya kikundi, na hakuinua kichwa.

"Tutapeana wenyewe," alisema. "Mwalimu, wewe umesoma lakini unauliza maswali ya kitoto. Njoo ushike huku, hii sufuria mimi siiwezi peke yangu."

Nikashika sikio la pili la sufuria, nayo ilikuwa bado na joto. Tukateremka nayo polepole mpaka kwake.